Ukuta Unaojibu

Koki Musau hajawahi kupita kitu kilichofungwa akakiacha kama alivyokikuta. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya baba yake Jumapili moja, wenzake wakiwa kanisani, kwa sababu alitaka kumwona yule mtu anayesoma habari. Hakumwona. Aliona nyaya, sumaku na vumbi, na badala ya kusikitika akashangaa zaidi, kwamba kumbe sauti inaweza kutoka mahali pasipo na mtu. Mzee Musau aliporudi alimkuta ameketi katikati ya vipande vya redio kama kuku juu ya mayai. Hakumpiga. Alimwambia airudishe ilivyokuwa, na Koki akahangaika nayo hadi ikasema tena. Skrubu moja ikabaki. Mpaka leo hajui ilikuwa ya wapi, na ukimuuliza atakuambia bado anaifikiria.

Sasa ana miaka arobaini na ushee na kibanda chake mwenyewe Kariobangi, ambapo hutengeneza redio, simu na amplifaya. Upande mmoja kuna fundi wa kuchomelea milango ya chuma, upande wa pili mashine ya kusaga unga. Kelele za hapo zinaweza kumtoa nyoka pangoni, na bado Koki hushika redio sikioni, akaitikisa kidogo, akakuonyesha waya uliokatika. Watu humsifu. Yeye husema huo si ujuzi, ni umbea tu, anapenda kujua kinachosemwa ndani.

Basi umbea huo ukaja kutakiwa nyumbani kwao, tena wakati ambao yeye mwenyewe alikuwa ameusahau.

Nyumba yao iko Umoja. Mzee Musau alikuwa mchonga vinyago, na kama jirani zake wote aliianza na vyumba viwili, akaongeza kwa nyuma mpaka uwanja ukakaribia kuisha. Chumba cha mwisho ndicho alichokipenda. Ukuta wake mmoja aliufunika kwa mbao za muhugu, ule mti mgumu wa wachongaji, masalio ya kazi ya miaka mingi, kila ubao ameupiga randa na kuung'arisha kwa mkono wake. Nyuma ya ukuta huo aliegemeza mabati mawili matatu akapata kibanda cha kuchongea. Mgeni akiingia, mzee aliupiga ukuta kwa kiganja akasema, "Huu mchwa haugusi. Mchwa akiuma muhugu, jino linabaki." Alifariki akiamini hivyo, na watoto wakairithi nyumba pamoja na msemo wake.

Mjane wake, Kavinya, ambaye wanawe humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, ndiye anayelala katika chumba hicho, na Koki anaishi naye. Umri wake ni kama miaka themanini. Ni mama mkavu, msafi, mwenye maneno machache, na siku hizi baadhi ya hayo machache yamemponyoka. Anasahau kama amekunywa chai. Mwanawe wa kwanza, Muindi, mwenye kwake, yeye humwita Mbithi, jina la kaka yake Mwaitu aliyezikwa zamani. Hayo yote wangeyavumilia. Kilichowatisha ni kugonga.

Aliketi kitandani, kichwa kimeegemea mbao, akachukua mkongojo wake akagonga ukuta. Ko, ko, ko. Kisha akatulia kama mtu aliyepiga hodi na anangoja kuambiwa karibu. Baada ya muda aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akagonga tena. Ukimuuliza, alikuambia, "Wako. Wanakula."

"Akina nani, Mwaitu?"

"Wao."

Siku moja Muindi alimkuta akigonga na kucheka peke yake. Akatoka uani akasimama akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Muindi si mtu mbaya, na anayetaka kumsema vibaya atafute msikilizaji mwingine. Yeye ndiye anayempeleka mama kliniki na kukumbuka tembe zake. Ila ni karani wa mahakama kule Makadara, mtu wa mafaili, na jambo lisilo na mahali pake pa kukaa humnyima usingizi. Akauliza huku na huku, akapata nyumba ya wazee inayotunzwa na masista huko Machakos, pasafi, penye bustani na kivuli. Nafasi ikapatikana. Mwaitu angepelekwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Anaongea na ukuta, Koki," alisema. "Wewe unashinda Kariobangi, mimi nashinda Makadara. Leo ni ukuta. Kesho ataenda kuongea na jiko la gesi."

Koki akakubali. Alikubali nusu, lakini katika mambo ya namna hii nusu ya ndiyo huhesabiwa kuwa ndiyo. Mwaitu alipoambiwa aliuliza swali moja tu, kuta za huko Machakos ni za nini. Wakamwambia ni za mawe. Jioni ile hakugusa chakula.

Wiki hiyo hiyo akatokea kibandani mtu mmoja aitwaye Sydney, mfanyakazi wa kampuni ya kupuliza dawa za wadudu. Alikuwa amekumbatia mfuko kama aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Niaje fundi. Hii kitu imekataa kuwaka. Niliiangusha, na bosi akijua nimeisha."

Ilikuwa mashine ndogo ya kushika mkononi, yenye kijiti cha chuma mbele na safu ya taa juu. Koki akaigeuzageuza.

"Ni ya nini?"

"Ya mchwa."

"Ya kuwaua?"

"Ya kuwasikiza. Unaweka hiyo chuma kwa mbao. Kama wako ndani wanatafuna, taa zinacheza. Kitambo tulikuwa tunatoboa nyumba ya mtu yote ndio tujue wako wapi. Siku hizi ni hii mashine tu, hatuharibu kitu."

Koki alikuwa ameshika redio ya mteja mwingine. Akaiweka chini, na kusema kweli mteja yule alikuja kungoja sana.

Alipoifungua mashine hakukuta muujiza. Mwisho wa kile kijiti cha chuma palikuwa na kisahani chembamba cha shaba, ndugu wa kile kilichomo ndani ya saa ya mezani inayoamsha watu. Kila fundi anakijua. Ukikipa umeme, kinalia. Jambo ambalo Koki hakuwahi kulitilia maanani ni kwamba kisahani hicho hufanya kazi kinyume pia, yaani ukikitikisa kinatoa umeme. Mtikisiko ukiwa mdogo kama wa mdudu, umeme nao ni wa kidudu, ila amplifaya ikiukuza na kuukuza tena unatosha kuwasha taa. Sikio ndilo hilo. Waya mmoja tu ulikuwa umeachia. Aliurudisha kabla Sydney hajamaliza chai, kisha akamzuia kwa maswali mpaka chai ya pili ikapoa.

Mchwa wanapiga kelele? Hapana, nyuzi za mbao ndizo zinazolia zinapokatwa. Mtu anaweza kusikia? Kidogo sana, na kuna sauti nyingine sikio la mtu halizifikii kabisa. Na wasipokula siku hiyo? Basi mashine haisemi kitu. Hakuna mashine nyingine? Ziko za kupima unyevu, kwa vile mchwa hutembea na maji yao, ziko za kutafuta joto lao, na Sydney alikuwa amesikia ziko zinazorusha mawimbi ndani ya ukuta zikaona kinachotembea.

"Hizo sisi hatuna," alisema. "Na hii yenyewe inataka utulivu. Ukigusa ukuta hivi, taa zinacheza bure. Mkisikiza, kila mtu anyamaze."

Akaenda zake akiimba. Koki alibaki na bisibisi mkononi, na ndipo maneno ya mama yake yakamrudia. Wako. Wanakula. Aliogopa na kufurahi kwa wakati mmoja. Kama kweli kulikuwa na kitu ndani ya ukuta ule, basi Mwaitu hakuwa akiongea na hewa, na safari ya Machakos haikuwa na msingi. Na kama hakuna, angejua, japo angeumia.

Akatengeneza sikio lake mwenyewe. Kisahani alikitoa kwenye saa iliyokufa, kijiti kikawa msumari mrefu, amplifaya ikatoka kwenye redio ambayo mwenyewe hakuirudia, taa nyekundu ikatoka kwenye gari la watoto la kuchezea, na vyote akavifunga ndani ya kopo la majani ya chai. Upande mmoja akaacha tundu la hedifoni. Fundi wa milango akamuuliza kama sasa amegeuka daktari wa mbao. Koki akamwambia ndiyo, na aonyeshe ulimi.

Siku za kwanza sikio lilisikia kila kitu isipokuwa mchwa. Lilisikia mashine ya unga. Lilisikia bodaboda ikiunguruma ng'ambo ya barabara. Alipoushika msumari kwa vidole likamsomea mapigo ya moyo wake mwenyewe, na Koki akakaa akiyasikiliza kwa muda, amevutiwa, mpaka wateja wakafikiri amepatwa na jambo. Akajifunza kuuweka msumari bila kuushika, kwa kuubana na mpira. Kisha akaenda kwa maseremala akaomba nguzo iliyong'olewa kwenye kibanda kikuukuu, yenye udongo mbichi ndani, na mchwa wake hai. Aliivingirisha kwenye blanketi nyuma ya kibanda saa ya chakula, mashine ya unga ilipozimwa, akavaa hedifoni.

Akawasikia. Ilikuwa kama mtu anayefungua peremende kanisani, polepole, akiomba asisikike. Koki akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka, na alipojikuta anacheka peke yake na kipande cha mti akamkumbuka mama yake, kicheko kikakatika.

Jumapili baada ya ibada akaingia chumbani kwa Mwaitu na lile kopo. Alifunga dirisha. Alimwomba jirani yao, Annah Kweyu, azime redio kidogo. Kisha akafanya lile ambalo Sydney alimwambia, akauchukua mkongojo wa mama yake kwa upole na kuuegemeza nyuma ya mlango.

"Mwaitu, leo tunyamaze. Usigonge hata kidogo. Nataka kusikiliza."

Mwaitu aliitazama mikono yake mitupu, kisha akamtazama bintiye. 

Koki akapita ubao kwa ubao, kutoka dirishani mpaka kitandani. Kila alipobana msumari alingoja, macho kwenye taa nyekundu. Alisikia tangi la maji likidondosha. Alisikia pumzi zake. Taa haikuwaka. Akarudia kutoka kitandani mpaka dirishani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini kimya kile hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa kimya tu cha mbao nzuri za mtu aliyekufa akizisifu.

"Hakuna kitu, Mwaitu," alisema Koki.

"Hawasemi bila kuulizwa," akajibu Mwaitu.

Hilo nalo Koki akaliweka pamoja na mengine, pamoja na chai inayosahaulika na Mbithi aliyezikwa. Akaenda jikoni akalia, kisha akampigia Muindi simu. "Ni vile ulisema," akamwambia. Muindi hakushangilia. Aliuliza tu kama sweta za mama zimefuliwa, maana Machakos huwa baridi asubuhi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Koki alitoka kazini mapema akasimama kwenye meza ya Annah kununua sukumawiki. Annah, ambaye mtaa mzima humwita Mama Lorine, ni mtu wa Bunyore, upande wa magharibi, na ndiye aliyekuwa akimtupia Mwaitu jicho mchana watoto wake wakiwa kazini. Siku hiyo pembeni ya mboga alikuwa na sufuria ya kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa, waliokaangwa, mzigo kutoka kwa dada yake.

"Onja, Koki. Ama nyinyi Wakamba mnaogopa?"

Koki akaonja. Walikuwa watamu, wenye mafuta na chumvi kidogo. Na kwa kuwa ni Koki, akauliza, "Mnawashika aje?"

"Kwetu tunawapigia."

"Mnawapigia nini?"

"Ngoma, lakini ya kijiti. Unachimba shimo kando ya kichuguu, unafunika na blanketi, unakaa hapo na mbao na vijiti viwili unapiga. Watu wazima, watoto, wote. Huko chini wanafikiri ni mvua, wanatoka wenyewe mpaka kwa shimo." Annah alipiga ukingo wa meza kwa vidole, upesi upesi, akionyesha. "Lakini wenye mabawa si wa kwanza. Wa kwanza ni askari, wale wa vichwa vikubwa. Ukiacha kupiga, uweke sikio kwa udongo, unawasikia wanapiga pia. Wanagonga na vichwa. Shaa, kama mvua kwa majani makavu. Wanaambiana kuna mtu mlangoni."

"Na usipowapigia?"

"Usipopiga watakusemesha nini? Wewe unaweza itika hodi kama hakuna mtu amebisha?"

Koki alisimama na sukumawiki mkononi. Nyuma ya Annah watu walipita na mizigo yao, mtoto akalilia kumbikumbi, na yeye hakuona chochote. Hawasemi bila kuulizwa. Mwaitu alimwambia waziwazi, naye, mtu anayejisifu kwa kusikia kinachosemwa ndani, hakusikia. Zaidi ya hapo, kile kitu kimoja alichokinyang'anya chumba kile ili asikie vizuri kilikuwa mkongojo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Koki, chenji yako," Annah aliita, lakini Koki alikuwa ameshavuka.

Koki hakugonga jioni ile. Ndiyo, hata mimi ningeshindwa kungoja, lakini alitaka Muindi awepo. Alijua kuwa katika nyumba ile, jambo ulilolisikia peke yako lilikuwa limeshapewa jina la wazimu.

Jumamosi asubuhi Muindi akaja na gari la rafiki yake. Mwaitu alikuwa ameketi kitandani amevaa gauni la kanisani na kitambaa kichwani, sanduku miguuni. Alikuwa ameuegemea ukuta kwa bega zima, kama mtu anayeaga.

"Nipe muda wa kikombe kimoja cha chai," Koki alisema.

"Koki, hii maneno tulimaliza."

"Tulimaliza vibaya. Kaa hapo."

Akabana msumari kwenye ubao ulio karibu na mto, akaweka kopo juu ya kigoda ambapo kila mtu aliliona. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akauchukua mkongojo, ambao Mwaitu hakuutaka tena tangu Jumapili, akampa mama yake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha alichokichukua bila ruhusa.

"Mwaitu, waulize."

 Mwaitu akainua mkongojo. Ko, ko, ko. Taa nyekundu ikamemeta.

"Hiyo ni fimbo," alisema Muindi.

"Ngoja."

Taa ikazimika. Mkongojo ulikuwa umetulia mapajani mwa Mwaitu na mikono yake juu yake. Hakuna aliyesogea. Ndipo taa ikaanza kutetemeka yenyewe, upesi upesi, ikaacha, ikatetemeka tena, kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Muindi akainama kutazama chini ya kigoda. Akatazama miguu yake mwenyewe.

"Tena, Mwaitu," akasema Koki.

Ko, ko, ko. Ikajibu tena. Koki akamvisha kaka yake hedifoni, na Mwaitu bila kuambiwa akagonga mara ya tatu. Uso wa Muindi ukabadilika. Akavua miwani.

"Ni kama mvua," alisema.

"Wako," Mwaitu akamwambia kwa upole. "Wanakula."

Nyundo na patasi ya mzee Musau zilikuwa bado kwenye droo yake. Muindi mwenyewe ndiye aliyeubandua ubao, akitoka jasho ndani ya shati lake la safari. Ubao ulitoka mzima, safi, bila alama ya jino hata moja. Mzee hakusema uongo. Lakini nyuma yake palikuwa na fremu ya paini, mbao laini za bei ya chini ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuonyeshwa, na hiyo ndiyo iliyoshika mbao za muhugu na, pembeni, ikabeba boriti ya paa. Ilikuwa imebaki ngozi. Ndani ilijaa udongo mbichi na vijia, na askari wenye vichwa vikubwa vya hudhurungi wakamiminika kwenye mwanga wakaishambulia patasi. Muindi akabonyeza nguzo ya pembeni kwa kidole, kikazama chote. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili lilikuwa karibu kwisha. Akatazama juu kwenye boriti, kisha akateremsha macho taratibu mpaka yakafika kwenye mto wa mama yake, uliokuwa chini yake hasa.

 Alimnyanyua Mwaitu kama alivyo, na gauni lake la kanisani, akambeba mpaka chumba cha mbele. Koki akafuata na blanketi. Sanduku lilibaki kwenye ujia, na kila aliyepita aliliruka.

Baada ya chai, Koki akapiga magoti mbele ya mama yake. Alikuwa na swali, na hakuna kitu duniani kingemzuia kuliuliza.

"Mwaitu, ulijuaje kuwa wakigongewa wanajibu?"

"Sikujua," alisema Mwaitu. "Nilikuwa namgongea baba yenu. Akichonga kule nyuma, chai ikiwa tayari, nilikuwa nagonga, na yeye anajibu na mpini wa nyundo. Miaka yote ilikuwa hivyo. Alipokufa nikaendelea kugonga. Nilijua hayuko. Mkono ulikuwa umezoea." Akafikiri kidogo. "Niligonga sana. Nyinyi mlikuwa hamjibu. Halafu siku moja nikajibiwa."

"Na ulifikiri ni baba?" Muindi aliuliza.

"Mimi si mjinga, Mbithi. Nilijua ni mchwa. Lakini walijibu."

Muindi akatazama sakafu. Koki akaweka paji la uso wake juu ya goti la mama yake na kulia, safari hii bila kukimbilia jikoni.

Juma lililofuata Sydney na wenzake walikuja kutia dawa, naye akalishika kopo la majani ya chai, akalitazama kutoka kila upande, akauliza kama linauzwa. Koki akamwambia hapana. Fremu ya paini iling'olewa yote, na mbao za muhugu zikapangwa kando zikingoja mifupa mipya. Masista wa Machakos walipigiwa simu na kushukuriwa. Sanduku alilifungua Muindi, akazikunja sweta moja moja kabatini. Wala usidhani mama amepona. Bado anasahau chai, na kuna asubuhi anamuuliza Koki yeye ni mtoto wa nani.

Analala chumba cha mbele sasa, ukuta wa mawe kati yake na jikoni na ujia. Jumapili ya kwanza Muindi alikuwa amelala hapo hapo nyumbani, hakutaka kurudi kwake. Asubuhi Koki alikuwa jikoni akichemsha maziwa aliposikia mkongojo. Ko, ko, ko. Juu ya jiwe sauti ilikuwa kavu na fupi. Kisha kimya. Koki akaweka kijiko chini, akapangusa mikono, akauendea ukuta upesi.

Kabla hajaufikia, ukagongwa kutoka kwenye ujia, kwa vidole vya mtu. Ko, ko, ko.

"Mbithi?" sauti ya Mwaitu ikaita. "Chai iko tayari?"

"Iko tayari, Mwaitu," Muindi akaitika. "Nakuletea."